Vitu vitamu vya Halloween bila oveni: mwongozo kamili kwa mzazi aliyebaki na mstari wa vitamu

Ukiwa na mtoto anayesoma Marekani au Canada, mwezi wa kumi ukishakolea tu lazima kikaratasi kije kwenye begi: darasa lina pati ya Halloween, nani analeta juisi, nani sahani na tishu, nani vitu vitamu. Wazazi wajanja wanawahi juisi. Ukichelewa siku mbili unakuta pamebaki mstari mmoja tu, wa vitamu, na hapo ndo watu wengi wanakimbilia dukani kununua boksi la vikeki vya bei mbaya ambavyo na mwenzake kavinunua vilevile.

Huu mwongozo ni wa huyo aliyebaki na mstari wa vitamu. Oveni haiwashwi hata mara moja. Unahitaji maikrowevu au sufuria na bakuli la kukaa juu yake, friji yenye nafasi, trei mbili tatu, na jioni mbili za kujipanga. Na nikwambie mapema kabisa, hivi vitu vyote unavyoviona vimepambwa kwenye mapicha, uite macho, uite mizimu, uite vidole vya mchawi, chini yake ni kitu kilekile: chokoleti iliyoyeyushwa vizuri na kitu cha kuchovya ndani yake. Ukiiweza chokoleti, yaliyobaki ni urembo. Ndo maana sehemu ya chokoleti nimeirefusha kuliko zote, usiiruke ukakimbilia mapishi.

Kuhusu sherehe yenyewe sina maneno mengi. Ni Oktoba 31, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, asili yake Ireland na Scotland ambako watu walikuwa wanachonga sura za kutisha kwenye turnipu, wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa alafu laini kuchonga, basi boga likawa ndo nembo mpaka leo. Kuna familia zetu haziitaki kabisa, Wakristo wapo na Waislamu wapo, na hiyo ni haki yao. Shule nyingi siku hizi zinaita pati ya vuli tu, na hapo unafanya maboga na majani unaachana na mafuvu. Mapishi hayabadiliki.

Uliza kwanza, ndo ununue

Mtumie mwalimu ujumbe wenye maswali mawili. La kwanza, je shule inaruhusu chakula cha kutengeneza nyumbani? Shule nyingi haziruhusu, zinataka kitu kilichofungwa kiwandani chenye orodha ya viungo mgongoni. Kama jibu ni hapana usibishane, haya mapishi utayatumia kwenye pati ya nyumbani au ya majirani, na shuleni peleka vile vikombe vya plastiki vya machungwa yaliyomenywa, vikiwa bado vimefungwa, juu ya plastiki unachora macho na meno ya boga kwa maka peni nyeusi. Kazi ya dakika kumi, mtoto anakusaidia, na mwalimu anakupenda.

Swali la pili ni mzio. Hapa jamani tuache ule utani wetu wa "kwetu hakuna mambo hayo". Mtoto mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kushindwa kupumua kwa kipande kidogo tu. Sheria ya Marekani inataka vyakula 9 vitajwe waziwazi kwenye pakiti: maziwa, mayai, samaki, viumbe wa baharini wenye gamba gumu kama kamba na kaa, karanga, korosho na ndugu zake (lozi, pistachio na kadhalika), ngano, soya, na ufuta ambao uliongezwa kuanzia Januari 1, 2023. Kwa hiyo usisome mbele ya pakiti, geuza nyuma, soma mpaka ule mstari wa mwisho unaosema inaweza kuwa na chembechembe za karanga. Kama darasani kuna mtoto wa hivyo, basi huo mstari nao unahesabika. Na ukipita mtaani siku ya Halloween ukaona boga limepakwa rangi ya bluu inayoelekea kijani, hiyo ni alama kwamba nyumba hiyo wanagawa vitoi na stika badala ya pipi kwa ajili ya watoto wenye mizio. Ilianzia Tennessee, na mwaka 2014 shirika la FARE, linaloshughulika na mizio ya chakula, likaisambaza nchi nzima.

Alafu jelatini. Waislamu hili mnalijua, ila mgeni anaweza asilijue: mashimelo ya kawaida ya madukani Marekani (marshmallow, zile pipi laini kama sponji), minyoo ya jeli, na hata zile pipi ndogo za pembetatu za rangi tatu zinazouzwa kila kona msimu huu, nyingi zina jelatini, na isipoandikwa vingine chukulia ni ya nguruwe. Suluhisho lipo. Maduka ya Waarabu na Wasomali yanauza mashimelo ya halali yenye jelatini ya ng'ombe, na mashimelo ya Dandies hayana jelatini kabisa. Mi nashauri ununue hayo tu kwa pati nzima badala ya kutengeneza mafungu mawili, manake kwenye pati ya watoto hakuna atakayekumbuka sahani ipi ni ya nani.

Chokoleti, hapa ndo kwenye kazi

Dukani utakuta aina mbili. Kuna chokoleti halisi, yenye siagi ya kakao, na kuna zile vidonge za rangi rangi zinazotengenezwa kwa mafuta ya mimea, maarufu ni Candy Melts. Chokoleti halisi ni tamu zaidi hakuna ubishi, lakini ukiiyeyusha kiholela ikiganda inakuwa na mabaka meupe na inayeyukia vidoleni, mpaka uipandishe na kuishusha joto kwa vipimo, chokoleti nyeusi inafanyiwa kazi kwenye nyuzi 31 au 32 hivi za Selsiasi. Nani ana muda huo na watoto wanapiga kelele? Zile vidonge za mafuta hazitaki hayo yote, zinayeyuka, zinaganda, zinang'aa. Kwa pati ya watoto chukua hizo. Mtoto wa miaka saba anakula jicho, hana habari na siagi ya kakao.

Jinsi ya kuyeyusha. Weka gramu 340 (ndo mfuko wao mmoja) kwenye bakuli la kioo au plastiki ngumu, KAVU. Nguvu ya maikrowevu ishushe nusu. Washa sekunde 30, toa, koroga mpaka chini. Washa tena sekunde 30, koroga. Vidonge havipotezi umbo vikiwa kwenye maikrowevu, unaweza ukaona bado vizima kumbe ndani vimeshalainika, ndo maana kukoroga ni lazima kila mara. Vikibaki vipande vichache usirudishe tena, koroga tu vitamalizika kwa joto lililopo. Nyeupe inaungua haraka kuliko nyeusi, na ikiungua inakuwa chengachenga za njano zenye harufu ya maziwa yaliyoshika chini, hiyo hairudi, mwaga.

Kama huna maikrowevu, sufuria yenye maji vidole viwili, yachemke kidogokidogo, bakuli likae juu lisiguse maji. Zima moto kabla chokoleti haijaisha kuyeyuka.

Adui namba moja ni maji. Tone moja la maji, mwiko uliotoka kusuuzwa, mvuke unaopanda pembeni ya bakuli, inatosha chokoleti kukaza ghafla ikawa nzito kama ugali na haimiminiki tena. Sababu ni kwamba sukari iliyomo inanasa yale maji kidogo inagandana yenyewe kwa yenyewe. Ikikukuta, kwa kuchovya hiyo imeshakufa, ila usitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko baada ya kijiko ukikoroga, itafunguka iwe sosi, utaimwagia kwenye aiskrimu.

Kwa sababu hiyohiyo rangi za keki za kawaida, za maji au za jeli, usizitie kwenye chokoleti. Nunua rangi za mafuta au za unga zilizoandikwa ni za pipi, au nunua vidonge ambavyo vimeshatiwa rangi, chungwa, kijani, zambarau na nyeusi, msimu huu vinajaa madukani. Nyeusi ukiitaka kali anza na chokoleti ya kahawia sio nyeupe, ukianza na nyeupe utamimina rangi mpaka iwe chungu alafu bado ni kijivu.

Ikiwa nzito sana kuchovya, ongeza mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chai, koroga, angalia, ndo uongeze kingine. Vikizidi viwili vitatu kwa mfuko inakuwa laini, haishiki vizuri ikiganda.

Macho ya zimwi

Hiki ndo kitu cha kwanza ningekufundisha, kina vitu vitatu tu na hakikosei. Pakiti moja ya Oreo za kawaida, biskuti 36 hivi, pamoja na krimu yake ya katikati, usiitoe. Krimu chizi ya gramu 227, ile ya mche sio ya kopo la kupaka mkate manake ya kopo ina maji zaidi. Na chokoleti nyeupe gramu 450.

Saga Oreo mpaka ziwe kama mchanga mlaini. Bleda inafanya vizuri, kama huna tia kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, pitisha mti wa chapati juu yake, huku watoto wanagombania nani apige. Krimu chizi iwe imekaa nje ya friji nusu saa ilainike. Changanya kwa mkono mpaka usione weupe tena, donge lote litakuwa jeusi na linang'aa kidogo. Lifunike likae friji nusu saa.

Viringisha viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo changa, yaani sentimita mbili na nusu, utapata kati ya 40 na 48. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, rudisha friji saa nzima. FRIJI, sio friza. Watu wanaweka friza ili waharakishe, alafu duara la barafu likiingia kwenye chokoleti ya moto chokoleti inakaza papo hapo, duara likianza kupata joto linatanuka ndani, ganda linapasuka mstari, na krimu inachungulia. Kama uliweka friza basi liache nje dakika kumi kabla ya kuchovya.

Kuchovya sasa. Chukua uma, ukiweza vunja meno mawili ya katikati ya uma wa plastiki, yabaki mawili ya pembeni. Tumbukiza duara, libingirishe kwa kijiko lifunikwe lote, linyanyue na uma kutoka chini, alafu gonga mkono wako wa uma kwenye ukingo wa bakuli mara nne tano, tap tap tap, utaona chokoleti ya ziada inashuka na uso unalainika wenyewe. Futa chini ya uma kwenye ukingo. Telezesha duara kwenye karatasi kwa kulisukuma na kijiti cha meno. Ukiruka kule kugonga, kila duara litaota mguu mpana chini linafanana na kofia.

Hapohapo, kabla hujachukua la pili, weka jicho. Yale macho ya sukari yanauzwa kwenye vipakiti sehemu ya mapambo ya keki, au tumia kidonge cha chokoleti ya rangi chenye nukta nyeusi katikati. Una kama dakika moja tu, duara ni baridi chokoleti inaganda upesi. Fanyeni wawili, mmoja anachovya mmoja anaweka macho. Likiganda kabla usilikandamize, paka tone la chokoleti mgongoni mwa jicho libandike.

Mishipa ya damu: chokoleti nyekundu kidogo, chovya kijiti cha meno, vuta mistari myembamba kutoka pembeni kwenda kwenye jicho, ipinde pinde, usiinyooshe. Mistari mitatu minne inatosha. Ukiweka kumi inakuwa nyanya.

Duara hilohilo ukilimwagia chokoleti nyeupe nyuzinyuzi ovyo ovyo kwa uma na kuweka macho mawili, ni maiti wa Misri aliyefungwa bendeji. Ukilichovya kwenye nyeusi ukachomeka vipande vya pretseli nyembamba, vile vijiti vya unga vyenye chumvi, ni buibui. Miguu minane tafadhali, nne kila upande, watoto wanahesabu.

Maboga ya Rice Krispies

Hii imezaliwa jikoni kwa kampuni ya Kellogg mwaka 1939, waliotunga ni Mildred Day na Malitta Jensen, na kipimo chake cha siku hizi ni hiki: siriali ya Rice Krispies, ile ya punje za mchele zilizopulizwa, vikombe 6, mashimelo gramu 283 (mfuko wa kawaida), siagi vijiko vikubwa 3. Angalizo dogo, watu wanadhani ni mchele mtupu kwa hiyo salama kwa asiyekula gluteni (ile protini ya ngano na shayiri), ile ya Kellogg ya Marekani ina kimea cha shayiri, kwa huyo mtoto tafuta aina iliyoandikwa haina gluteni.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia mashimelo, koroga. Zima moto yakiwa bado na vibonge vichache. Kosa la wengi ni kuyapika, mashimelo yakipikwa sana yakipoa yanakuwa mawe. Hapa sasa rangi ya kawaida ya jeli inaruhusiwa manake hakuna chokoleti, tia ya chungwa au nyekundu na njano, iwe kali kidogo kuliko unavyotaka kwa sababu siriali itaififisha. Mimina siriali, geuza upesi.

Subiri dakika mbili tatu iache kuunguza, paka viganja siagi au mafuta, chota nusu kikombe, fanya duara kisha libonyeze juu liwe bapa kidogo. Bonyeza kwa upole, ukikamua hewa yote inatoka unapata tofali. Kijiti cha pretseli juu ndo kikonyo. Utapata 12 hivi. Usiyaweke friji, yanakauka. Kopo lenye mfuniko juu ya meza, siku mbili tatu bado yako poa.

Vidole vya mchawi

Pretseli ndefu nene, zile za urefu wa kalamu, vunja nusu. Chovya kwenye chokoleti ya kijani, gonga, laza kwenye karatasi. Ikiwa bado laini bandika kucha. Mapishi mengi yanasema lozi, mi nasema achana na lozi, tumia mbegu ya boga iliyomenywa, ile ya kijani. Kwanza haina karanga wala lozi, pili ina ule ukijani uliochakaa na ncha, inafanana na kucha ya bibi mchawi kuliko lozi itakavyofanana. Chokoleti ikianza kushika, chukua kijiti cha meno kandamiza mistari mitatu midogo katikati ya kidole, hapo kwenye fundo. Bila mistari ni pretseli ya kijani tu, na mistari inawafanya watoto wapige kelele.

Makaburi ya vikombe

Hii inafaa kama huna muda kabisa. Boksi mbili za pudini ya chokoleti ya kuchanganya na maziwa baridi (gramu 110 kila moja), maziwa vikombe 4, piga dakika mbili, iache dakika tano ikaze. Gawanya kwenye vikombe vya plastiki vinavyoonekana ndani, vinatosha nane mpaka kumi. Juu mwaga Oreo zilizosagwa, huo ndo udongo. Biskuti ndefu ya mviringo kwa juu, iliyoandikwa RIP kwa chokoleti nyeusi, ichomeke nusu izame, hilo ni jiwe la kaburi. Minyoo ya jeli itokeze kwenye udongo.

Udongo, biskuti na minyoo viwekwe saa ya mwisho, asubuhi yenyewe. Vikilala kwenye pudini usiku kucha biskuti inalowa inaanguka na minyoo inakuwa migumu kwa baridi.

Sahani ya matunda

Lazima iwepo, hata kama unaona haina mbwembwe, manake ndo sahani ambayo watoto wengi wenye mizio wanaweza kuila. Machenza menya, katikati chomeka kipande kifupi cha bua la seleri, boga limekamilika. Ndizi kata nusu, isimamishe kwa upande uliokatwa, macho mawili ya vidonge vidogo vya chokoleti na kimoja kikubwa cha mdomo, huo ni mzimu. (Vidonge navyo vina maziwa au soya mara nyingi, weka zabibu kavu kwa wenye mizio.) Ndizi inakuwa nyeusi haraka, ipake maji ya limau na uikate dakika za mwisho.

Cha nyumbani: kashata na ubuyu

Hapa ndo unawapita wazazi wote wengine. Kashata haijawahi kuhitaji oveni tangu bibi zetu. Nazi kavu iliyokunwa isiyo na sukari vikombe 2, iloweke na vijiko vitatu vya maziwa ya moto dakika kumi. Sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, rangi ya chungwa. Chemsha sukari na maji bila kukoroga koroga mpaka ukidondosha tone kwenye maji baridi linajikusanya laini ukiligusa, kama una kipimajoto ni nyuzi 113 hadi 115. Watoto wakae mbali, sukari ya moto inaganda kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Tia rangi, iliki, nazi, koroga mpaka iachane na sufuria. Mwaga kwenye trei iliyopakwa mafuta, sawazisha, ikiwa bado vuguvugu kata pembetatu sio zile almasi zetu za kawaida. Ncha ya pembetatu chovya kwenye chokoleti nyeupe, chini kwenye ya njano, unapata ile pipi ya rangi tatu ya Kimarekani lakini yenye ladha ya iliki, na haina jelatini. Uliza mzio wa nazi pia, ni nadra ila upo.

Ubuyu wenyewe hauhitaji kutengenezwa, unahitaji mtu anayekuja kutoka nyumbani. Ule mwekundu wa Zanzibar au wa Mombasa, uweke kwenye kijibakuli cheusi, andika "damu kavu ya popo". Midomo na ndimi zinakuwa nyekundu zenyewe, pambo la bure. Lakini ubuyu ni wa watoto wakubwa na watu wazima tu, mbegu ni ngumu na inakaba, usiweke meza ya watoto wadogo. Na mashimelo mazima au pipi ngumu ziko kundi hilohilo kwa walio chini ya miaka minne.

Ratiba

Wiki mbili kabla nunua macho ya sukari na chokoleti za rangi, hizo ndo zinaisha kwanza, Oreo na maziwa zipo mwaka mzima. Siku mbili kabla viringisha maduara na upike kashata. Usiku wa kuamkia chovya kila kitu siku moja, ukishatoa bakuli la chokoleti limalize: anza na nyeupe, kisha chungwa, kijani, nyeusi mwisho, ili usioshe bakuli katikati ukaleta maji. Maboga ya siriali fanya usiku huohuo. Asubuhi makaburi na matunda.

Idadi, hesabu vipande viwili au vitatu kwa mtoto ukijumlisha aina zote, sio viwili vya kila aina. Aina tatu zilizofanyika vizuri zinatosha darasa zima, ukijitia kufanya saba utalala saa tisa usiku na buibui wa miguu mitano.

Vyenye krimu chizi na pudini visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kwa safari beba kwenye kontena bapa, safu moja, karatasi katikati kama ni lazima safu mbili, na mfuko wa barafu chini sio juu. Chokoleti ikitoka kwenye baridi kali kuingia chumba cha joto inatoa jasho na mishipa yako mizuri inachuruzika, kwa hiyo usifungue mfuniko ukifika, acha kontena limefungwa kama robo saa lizoee joto, jasho litakaa nje ya mfuniko.

Kwa mlioko Dar, Mombasa na kwingine kwenye joto, na shule za huko za kimataifa siku hizi nazo zina pati hizi, ongezeni baridi tu: chovya usiku, trei ziingie friji mara moja baada ya kuweka macho, na vitolewe pale watoto wameshakaa mezani. Oreo na siriali za mchele zipo supamaketi kubwa. Krimu chizi ikiwa ghali mno, maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanashika Oreo vizuri tu, gramu 150 hivi kwa pakiti, ongeza kidogo kidogo mpaka donge lishikane.

Macho yaliyobaki yanakaa friji wiki moja, au friza mwezi mmoja yakiwa kwenye kopo lililofungwa. Yakitoka friza yahamie friji usiku mzima kwanza. Na chokoleti iliyobaki chini ya bakuli, mwaga juu ya vipande vya pretseli vilivyovunjika, tandaza kwenye karatasi, nyunyiza chumvi kidogo, hiyo ficha nyuma ya friji ni yako wewe uliyepika.